Dakika Nne Bila Maneno

Mimi sijui kukaa kimya. Mama yangu alikuwa akisema nilianza kuongea kabla ya kuota meno, na kwamba hata kanisani, wakati wa komunyo, ilimbidi anibane midomo kwa vidole viwili. Sasa nimepita miaka arobaini, na bado nikikaa na watu watatu, wote wakanyamaza, miguu yangu inaanza kucheza chini ya kiti. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa namna gani. Kosa ninalotaka kulisimulia lilitoka kwenye tabia hiyo.

Asubuhi nilikuwa natengeneza simu sokoni Uvira. Saa nane mchana nafunga meza yangu, napanda pikipiki hadi mtaa wa Rugenge, kwenye ukumbi wa video ambamo kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Ukumbi wenyewe ni kuta za mbao, bati juu, mabenchi, televisheni moja kubwa na spika mbili. Mimi nakaa pembeni na maikrofoni. Filamu zinatoka kila upande wa dunia, na chini ya picha kuna maandishi ya Kifaransa. Nayasoma na kuyasema kwa Kiswahili papo hapo, bila kuiona filamu kabla. Wanaume nawapa sauti nene, wanawake nyembamba, watoto nawasemea kupitia puani.

Lakini mtu asidhani kwamba kutafsiri ni kutafsiri tu. Watu wa Rugenge walitaka kuwasikia watu wa mbali wakisema mambo ya Rugenge, na mtafsiri asiyelijua hilo angeishia kutafsiria mabenchi matupu. Polisi wa kwenye picha akivunja mlango, mimi namfanya aulize kama ni hapa wanapouza samaki, mukeke wa jana. Bibi harusi akilia, namfanya amlilie fundi cherehani wa njia ya bandarini aliyemchelewesha gauni. Habari za kweli pia zilipitia humo. Mtu akitafutwa na ndugu zake, na wao wanajua yumo ukumbini, wananinong'oneza, na jambazi wa filamu anageuka na kusema: "Weye mwenye shati ya manjano, banakuita nyumbani, enda mbio." Mwenye shati anainuka, anakwenda, wala hashangai. Kila aliyekuja pale alijua kwamba katikati ya maneno ya wageni linaweza kujitokeza neno lake mwenyewe.

Mwenye ukumbi alikuwa mzee Mwislamu, muuza vitenge, wa zile koo zilizofika ziwani na misafara ya zamani, ambazo hadi leo zinasema Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sisi wengine. Alipenda filamu za kisasi, na alipenda tamthilia ndefu za ndoa ambamo mama mkwe ana sumu kwenye mkoba. "Mtu akishaingia humu," aliniambia, "na atoke roho imetua. Mbaya apigwe, mwema aolewe, basi." Hatukuwahi kugombana juu ya hilo. Nami nilikuwa wa upande wake kabisa.

Kisha ikaja ile tamthilia. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akivuka mpaka kwenda Bujumbura na kurudi alituletea flashi iliyojaa filamu, na humo mlikuwa na hiyo, sehemu kumi na mbili, kutoka nchi ya baridi ambayo lugha yake siijui hata kwa salamu. Sehemu ya kwanza, mwanamume anatoka nyumbani na baiskeli mbovu, anaipeleka kwa fundi. Harudi. Ukumbi ulikuwa umejaa, na wote tukajiweka sawa: haya, sasa tutaona waliomteka. Sehemu ya pili, mkewe anaosha sahani. Sehemu ya tatu anakwenda ofisini kuuliza, karani anatafuta karatasi, haioni, mwanamke anarudi nyumbani kwa miguu, nasi tunatembea naye njia nzima, hakuna muziki, hakuna mbwa wa kubweka. Jioni anaandaa meza, anaweka sahani mbili.

"Minye nilikuja kuona filme!" alipiga kelele dereva mmoja wa pikipiki aliyekaa mbele. "Muntu anaosha masahani, si bibi yangu anaosha kule nyumbani?"

Watu walicheka hadi machozi, nami nilicheka kwenye maikrofoni, jambo ambalo mtafsiri hapaswi kufanya. Ukweli ni kwamba ile tamthilia ilinikera kuliko ilivyomkera yeye. Dereva aliweza kutoka. Mimi nilikuwa nimefungwa pale na picha isiyosema kitu, nikisubiri maandishi kama mtu anayesubiri umeme urudi. Kufika sehemu ya nne, walibaki watu tisa.

Tisa hao nikawachunguza, maana sikuwaelewa. Palikuwa na mwalimu wa hesabu wa sekondari, mama mmoja muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, wanafunzi wawili watatu, na wengine niliowajua kwa sura tu. Na palikuwa na yaya, dada yangu mkubwa. Yaya hakuwa mtu wa ukumbini. Siku ya sehemu ya tatu alikuja kuniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye bakuli, akaketi kidogo apumzishe miguu, na hakuinuka tena mpaka mwisho.

Lazima nieleze habari zake. Mume wake, shemeji yangu, alikuwa mkulima wa Nyakabere, kule kwenye bonde la Ruzizi. Miaka mitatu kabla ya haya, siku moja ya kukimbia vita, siku ambazo sisi wa huku hatuhitaji kuelezana, aliwapandisha mkewe na mama yake kwenye pikipiki waje mjini. Yeye akarudi kuwafungulia mbuzi waliokuwa wamefungwa nyuma ya nyumba. Hakuonekana tena, si yeye, si mwili wake. Yaya akaja kukaa uani kwangu; mama mkwe wake alirudi Nyakabere kulipotulia. Mimi nikachukua picha ya shemeji, nikavuka mto Ruzizi, nikazunguka kwenye kambi za wakimbizi, hospitalini, maparokiani, majuma mawili. Niliporudi nilimwambia yaya neno moja tu, "Sikumupata," nikaenda kuoga. Sikulizungumza tena. Mimi ninayezungumza juu ya bei ya nyanya, juu ya maji ya ziwa yanavyopanda, juu ya ndoa za majirani, kwa hilo nilifunga mdomo. Sikuwa na kitu cha kumpa, na kumwambia mtu kwamba sina kitu ni kazi iliyonishinda.

Mzee alitaka kuiondoa tamthilia. Wale tisa wakamwendea dukani kwake, wakiongozwa na mwalimu, wakasimama katikati ya vitenge kama watu waliokuja kuposa. Nilikuwepo. Mwalimu alisema wanaotoka ukumbini wamezoea kutafuniwa.

"Banataka kumeza tu," alisema. "Hii filme inakuomba utafune weye mwenyewe."

"Mwalimu," mzee akamjibu, "wale unaowasema wamebeba mizigo bandarini tangu alfajiri. Mtu aliyechoka si mjinga. Akitaka kutafuniwa siku moja katika juma, kosa lake nini?"

Lakini mzee alikuwa na huruma kuliko alivyopenda kuonyesha. Wakakubaliana kwamba Jumanne na Alhamisi alasiri zitakuwa za tisa hao, aliowaita "wagonjwa wangu", na siku nyingine zibaki za watu.

Toka hapo Rugenge ikagawanyika, na nilikereka kotekote. Walio wengi waliwacheka tisa barabarani: "Leo yule mama ameosha sahani ngapi?" Tisa nao wakaanza kuvimba. Walikaa benchi moja, walishushiana sauti, na mtu mpya akiuliza huyu ni nani walimtazama kama aliyeingia msikitini na viatu. Walibishana nje kwa saa nzima juu ya baiskeli: kwa nini ilikuwa mbovu gurudumu la nyuma na si la mbele. Mimi niliwaambia gurudumu ni gurudumu. Wakaendelea kubishana.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu wakati ule, kwa namna yangu ya kufikiri, yaani nikitembea. Sidhani kwamba tisa walikuwa na akili zaidi. Muuza ndakala hakusoma hata darasa la tatu. Nadhani kila mtu aliyeingia ukumbini aliacha nyumbani jambo ambalo halijaisha. Kwetu huku, nani hana? Walio wengi walilipa nafasi kwenye benchi ili kwa saa mbili waishi mahali ambapo mambo yanaisha, na hiyo ni haja ya haki, nami nimeihudumia kwa miaka. Wachache walichoshwa na kuambiwa kwamba mambo yanaisha. Walitaka kumwona mtu mwingine ameketi mbele ya jambo lake, hana la kufanya, na hakuna anayemharakisha. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama wa ndakala alikuwa na mtoto aliyekwenda migodini zamani, na mwalimu alikuwa na habari yake ambayo si yangu kuieleza. Wakati ule sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba miguu yangu inacheza.

Sehemu ya saba iliangukia siku ya mvua. Ilishuka kutoka milimani ghafla, kama inavyofanya, na watu waliokuwa barabarani wakakimbilia ukumbini kujikinga. Benchi zikajaa watu waliolowa, waliokuja kwa ajili ya bati, na tisa wakabanwa mbele. Mzee mwenyewe alikuwepo, kwa furaha ya kuona ukumbi umejaa Jumanne.

Na hapo ndipo yule mwanamke wa kwenye picha akasimama mlangoni. Mama yake alikuwa amekuja kumtembelea, amekaa nyuma yake mezani, analia taratibu. Mwanamke anatazama barabara. Chini ya picha hakuna neno. Dakika moja ikapita. Mtu akapiga mluzi. Ya pili, mabenchi yakaanza kulia. "Mutafsiri iko nalala!" mmoja akapaza sauti, na wengine wakadakia. Ya tatu, nikasikia jina langu la utani likiimbwa, nikamwona mzee ananitazama kwa macho ya mtu anayeona ukumbi wake unaharibika. Ulimi hauna mfupa. Ya nne ilipoanza, nikawasha maikrofoni, nikachukua sauti nyembamba, nikamsemea yule mwanamke:

"Usilie, mama. Iko muzima. Kuko muntu alimuona ngambo ya mutoni, analima mu shamba ya batu. Atarudi wakati ya kuvuna."

Maneno hayo niliyaokota yalipokuwa karibu. Mto, shamba, mavuno: mtu wa Uvira akiombwa kutunga kwa haraka atatunga hayo hayo. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu waliolowa wakaanza kuulizana huyo mume ni nani, aliondoka lini, na wengi walikaa hadi mwisho. Mzee alinitikisia kichwa kwa furaha. Nilijisikia fundi. Nilipotazama mbele nikaona mwalimu ameinama, anasugua paji la uso, na yaya amegeuka kwenye benchi. Hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa ananitazama mimi.

Mwalimu alinisubiri nje chini ya mchirizi wa bati.

"Weye, minye nasomaka Kifaransa," alisema. "Pale ku mulango hapakukuwa maandishi."

"Batu bangetoka!"

"Batoke. Sisi tungebakia."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama anapenda kimya akalale makaburini, huko kipo cha kutosha. Niliondoka na hasira, na hasira ilikuwa ya mtu aliyeshikwa.

Majuma yaliyofuata yaya alibadilika. Alilitoa koti la shemeji sandukuni, akalifua, akalianika. Jioni, nikila, alikaa karibu yangu kwenye kigoda, mikono mapajani. "Mudogo wangu," aliniuliza mara moja, "hauna kitu ya kuniambia?" Nikamweleza habari za simu moja iliyoangukia ndani ya sufuria ya maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua sahani, akaenda zake. Na ukumbini nako Alhamisi na Jumanne zikaanza kupata watu, maana habari ilikuwa imeenea mtaani kwamba yule mume atarudi.

Kisha Jumapili moja, baada ya misa, wakaja watu wa Nyakabere. Walikuwa mama mkwe wa yaya, mwanamke mdogo wa mwili aliyelima mpunga maisha yake yote, na kaka wa huyo mama. Tuliwapa viti uani. Kaka mtu ndiye aliyesema: miaka mitatu imetosha, mavuno yako karibu, ukoo umeamua kuondoa kilio. Kwa wasiojua, mtu akishafiwa hubaki katika kilio hadi ndugu wakutane, wale, wanywe, waseme maneno ya kumuaga marehemu, na walio hai waruhusiwe kuendelea. Kwa mtu asiye na kaburi ni vigumu zaidi, na kwa hiyo walikuwa wamechelewa. Mama mtu alikuwa anaumwa kifua. Alitaka amuage mwanawe kabla yeye mwenyewe hajaagwa, na bila mke wa marehemu jambo hilo halifanyiki.

Yaya akasema hapana.

"Mungoje mavuno iishe kwanza," alisema. "Kuko neno nilisikia."

"Neno gani, mukamwana?" Mama mkwe alikuwa ameshasimama. "Nani alikuambia? Iko muzima?"

Yaya alinitazama. Wote wakanitazama. Na mimi, niliyemsemea kila polisi na kila bibi harusi wa dunia hii, sikutoa hata kikohozi. Nilidhani nimeelewa: nilidhani ameyapokea yale maneno ya mlangoni kama ndoto au ubashiri. Niliona aibu ya kumwambia mbele ya wakwe zake kwamba ubashiri wake niliutunga kwa ajili ya watu waliolowa. Mama mkwe akamshika yaya mikono yote miwili na kulia, na nikatambua kwa hofu kwamba analia kwa tumaini. Siku chache baadaye tukasikia kutoka Nyakabere kwamba anafagia nyumba ya mwanawe kila asubuhi na ametandika kitanda.

Sikulala vizuri. Nilijipa moyo kwamba tamthilia yenyewe itanisaidia: sehemu ya mwisho ikija, ikamrudisha mume au ikamzika, yaya ataupata ukweli wake bila mimi kujiaibisha. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii nikavunja desturi yangu. Nikaiangalia sehemu ya mwisho peke yangu, kwenye simu ya mteja, chini ya mwavuli wangu sokoni. Mwanamke anapika. Anaweka sahani mbili, anakula cha kwake. Nje, baiskeli inapita. Inasikika tu, haionekani. Anainua kichwa. Halafu anarudi kwenye chakula, na picha inazimika. Niliitukana simu kwa sauti hadi muuza nyanya wa jirani akanitazama.

Alhamisi ya sehemu hiyo ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Walikuja kumwona mume akirudi. Walioongoza kelele mwanzoni walikuwa mbele kabisa, wamewaleta wake zao, na tisa walisukumwa pembeni, wamenuna. Yaya alikaa karibu na meza yangu. Nilitafsiri kilichokuwepo, hata kama kilikuwa kidogo. Ikafika meza, zikafika sahani mbili, ukumbi ukatulia kuliko nilivyowahi kuusikia. Baiskeli ikapita nje. Watu wakavuta pumzi. Mwanamke akainua kichwa, na mzee akanifanyia ishara kwa mkono: sema, sema!

Maneno yalikuwa yamenifika kooni. "Karibu, mume wangu." Maneno matatu, na watu mia wangerudi nyumbani roho zimetua. Nikamwona yaya ameegemea mbele, mikono imeshikana.

"Hapa hapana maandishi," nilisema, kwa sauti yangu mwenyewe. "Na ile siku ya mvua, ku mulango, hapakukuwa vilevile. Nilisema minye. Yule mama hakusema kitu."

Picha ikazimika. Mtu wa kwanza kuelewa alinirushia kandambili, ikanipata begani. Sitaandika waliyoniita. Dereva yule wa pikipiki alinifuata hadi mezani, akaniuliza, na ninakiri alikuwa karibu kulia, "Sasa alirudi ao hakurudi?" Nikamwambia sijui, aliyeitengeneza hakusema. Mzee alizima spika na kuwatoa watu kwa upole, mmoja mmoja, akiahidi filamu ya kisasi kesho. Mwalimu alipita karibu yangu, akanigusa bega lile lililopigwa, akatoka.

Yaya alibaki kwenye benchi. Nikaenda kukaa karibu naye na kuanza kuomba msamaha, kwa maneno mengi, kama kawaida yangu: kwamba filamu ni filamu, kwamba hakupaswa kuamini maneno ya mwanamke wa kwenye picha. Akanikatiza.

"Nilijua ile neno haikukuwa yake," alisema. "Minye niko na macho. Mudomo yake ilikuwa ya kufunga."

"Sasa kwa nini ulikataa kilio?"

"Sababu ilikuwa mudomo yako." Hakunitazama. "Unatumiaka batu bote neno mu filme. Huyu banamuita, huyu mama yake anagonjwa. Nikasema: mudogo wangu anajua kitu. Kule ngambo alipata kitu, anaogopa kunisemea mu macho, njo ananitumia neno. Yote hii wakati nangojea umalizie."

Niliokota ile kandambili iliyonipiga, nikaigeuza mikononi.

"Ku bintu byote unasemaka," alisema. "Ku bwana yangu tu njo ulinyamaza. Ulitaka nifikiri nini?"

Hapo, katika ukumbi mtupu, nikamwambia yale ambayo nilipaswa kumwambia siku niliporudi, kabla ya kuoga. Kambi ya kwanza, kambi ya pili. Mtawa aliyefungua daftari la parokia, akapitisha kidole kwenye kila jina na kunitazama. Mlinzi wa hospitali aliyeishika picha kichwa chini. Jinsi kila mtu alivyosema pole na kuirudisha picha. Jinsi nilivyokaa kando ya barabara siku ya mwisho na kula ndizi mbili. Hakuna aliyemwona. Sikuona hata kiatu.

"Byote njo bile?" aliuliza, yaani kama ni hayo tu.

"Byote."

Akalia sana. Sijawahi kuona aibu kama ile, na bado naiona ninapoandika. Alikuwa amengoja miaka mitatu, na kumbe alichokingoja ni simulizi ya majuma mawili ambayo haina kitu ndani yake.

Kilio kiliondolewa baadaye, kwa siku yake, na watu walikula wakashiba. Ninachokikumbuka mimi ni Jumamosi iliyofuata ile Alhamisi ya ukumbini, tulipokwenda Nyakabere, yaya na mimi juu ya pikipiki moja, vumbi usoni, na mpunga uliokuwa tayari pande zote mbili. Njia nzima nilikuwa natunga. Nilikuwa na mithali nne na mfano mmoja kutoka Biblia. Tulipofika kwenye njia ya nyumba yaya akanivuta shati kwa nyuma.

"Usiongeze kitu," alisema.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba ya mwanawe, uwanja umefagiwa. Aliponiona alianza kuinuka, uso wake umefunguka, na nikataka ardhi inimeze. Nikabaki nimesimama mbele yake. Nikamwambia kwamba lile neno nililitunga mimi. Nikamwambia kwamba mwanawe alirudi kufungulia mbuzi, kwamba tulimtafuta, kwamba hatukumpata. Halafu nikaacha. Alinitazama, na alikaa hivyo muda mrefu, na miguu yangu ikaanza, na yaya akaniwekea mkono mgongoni.

"Haujui iko wapi?" mama mkwe aliuliza mwishowe.

"Sijui, mama."

"Haujui kama alikufa?"

"Sijui."

"Na minye sijui," alisema. Akasogea kidogo kwenye mkeka, akapigapiga mkeka kwa kiganja kunionyesha mahali pa kukaa, nami nikakaa.